Nyuzi Kumi na Mbili za Gil-rye

Wifi yangu Gil-rye, mke wa kaka, alikuwa akisokota nyuzi za gayageum, kinanda cha Kikorea cha nyuzi kumi na mbili, tangu alipoolewa kwetu, mji wa Goryeong. Mama ndiye aliyemfundisha: hariri isokotwe, izungushwe kwenye kijiti cha msonobari, ipikwe kwa mvuke, ikauke kivulini. Na mimi nilifundishwa, tena nilikuwa hodari kumshinda.

Mwaka ambao nyuzi za nailoni zilijaa madukani, vidole vya Gil-rye vilikuwa vimevimba, hata kifungo kilimshinda kufunga. Lakini nyuzi alizoagiza Mwalimu Pyo, mpigaji mkuu wa gayageum, zilikuwa tayari mapema. Nikazitazama. Ziling'aa mno. Halafu kulikuja kifurushi kutoka mji wa Daegu, akakificha kabatini. Nikamnong'oneza Mwalimu kwamba ni nailoni ya kununua.

Mwalimu alikuwa apige gayageum siku nne baadaye, kwenye kumbukumbu ya marehemu mwalimu wake. Wapigaji wote walimfuata yeye. Akizikataa nyuzi zile, hakuna ambaye angebisha tena mlangoni kwa Gil-rye.

Mwalimu alikuja, akazipapasa nyuzi moja moja kama anayetafuta kasoro. Gil-rye akaelewa.

"Nani kakwambia, Mwalimu?"

"Watu."

"Watu hao wana majina? Au wamekaa hapa wanakunywa chai yangu ya shayiri?"

"Wifi, mimi nimeuliza tu," nikasema.

"Hukuuliza. Ungeniuliza ningekwambia nilianza kusokota tangu mvua za majira ya joto, maana najua vidole vyangu. Na kifurushi ni dawa ya kuchua. Nenda kakinuse."

Akachukua uzi mnene kuliko zote, akaukata katikati kwa mkasi.

"Si ungechoma ncha tu?" Mwalimu akashtuka.

"Ncha ningeweza kuiungia hariri. Huyu wifi yangu ndivyo angesema kesho."

Akawasha kibiriti, akauchoma pale alipoukata. Nailoni ikichomwa huyeyuka na kuwa tone gumu. Uzi ule ulinuka kama nywele zilizoungua, majivu yakasagika vidoleni mwake, kama hariri halisi. Mwalimu akainamisha kichwa, akaomba radhi.

"Zimebaki kumi na moja," Gil-rye akasema. "Rudi keshokutwa, Mwalimu." Kisha akanitupia ncha ya hariri mbichi. "Shika. Si wewe ndiye hodari?"

Nikashika. Alisokota akiwa ameuma meno, nami nikihesabu kila uzi mwembamba aliounganisha. Hakukosea hata mmoja. Nikavitazama vidole vyake vilivyovimba, ncha niliyoishika ikaanza kulegea.

"Kaza, wifi," akasema. "Huu ukilegea, nitamwambia Mwalimu nani alikuwa ameushika."