Siku Nilipomficha Kemilembe Shimoni

Siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Kaa hapo mkekani, na huo ufunguo uweke chini, maana tangu umefika unaugeuzageuza tu mkononi. Nimekuuliza mara mbili mtoto wako yuko wapi, ukanijibu amelala. Nikakuuliza amelala na nani, ukatazama mlango. Haya, sikuulizi tena. Nitakusimulia jambo ambalo hata baba yako, niliyemzaa mwenyewe, sikuwahi kumsimulia lote.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa huku Muleba, kwenye kijiji kilicho juu kabisa, ambako ukisimama ukingoni unaliona ziwa lote na kisiwa cha Bumbire kule mbali. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa Kemilembe, huyu shangazi yako anayechambua maharage hapo nje. Wewe umemkuta mtu mzima, na umezoea kwamba hasemi. Mimi sikuzoea. Alifika miaka mitano hajaniita mama hata siku moja. Alitembea kwa ncha za vidole. Usoni hakunitazama. Ukimwachia buni alizipanga mstari mmoja kutoka mlangoni hadi ukutani, na ukiigusa moja tu, waitu, atalia mpaka sauti ikauke. Ngoma ikipigwa kwa jirani alijipenyeza mahali pembamba, nyuma ya mtungi au chini ya kitanda, na huko akatulia kimya kabisa.

Nyinyi mna jina la hali hiyo. Daktari wa mjini alikwambia mwanao ana usonji, akakuandikia na karatasi. Sisi jina hatukuwa nalo, tulikuwa na maneno ya watu tu. Mmoja alisema nilivunja mwiko nikiwa mjamzito. Mwingine alisema ni mizimu ya ukoo wa mume wangu, na ukoo wa mume wangu nao ukasema ni ya ukoo wangu. Mume wangu mwenyewe alikuwa Bukoba mjini, akishona nguo barazani kwa Waswahili wa Bilele, akirudi mara moja kwa mwezi. Nilibaki na baba mkwe na mama mkwe, na aibu yangu.

Basi asubuhi moja pale chemchemini, tukiteka maji, nikasikia kwamba Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, amemtuma dresa, msaidizi wa daktari, pamoja na askari wapite nyumba kwa nyumba kuandika watoto. Wasio kamili watapakiwa kwenye meli pale Bukoba na kushushwa Bumbire, wakae huko wenyewe. Nani kasema? Hakuna aliyejua. Kila mmoja alisikia kwa mwenzake. Lakini wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na mimi nilikuwa mjinga wa miaka ishirini na kitu. Niliamini. Tangu siku hiyo nikawa silali vizuri. Nikitazama ziwa nakiona kile kisiwa tu.

Siku ya nne, watoto wa jirani wakapita mbio wakipiga kelele: "Dresa amefika! Yuko na askari!"

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipokamilika. Unajua kwetu ndizi za pombe hatuziachi ziive zenyewe. Huchimbwa shimo kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba, kina cha kiunoni, majani makavu ya migomba yakachomwa humo mpaka udongo upate joto, ndipo ndizi zinapangwa na kufunikwa. Baba mkwe wangu alikuwa Mlutheri wa kukaa kiti cha mbele kanisani, lakini rubisi, hiyo pombe ya ndizi, mwanangu, hakuiacha. Shimo lake lilikuwa nyuma kabisa ya kibanja, na ndizi zilitolewa jana yake. Lilikuwa tupu, lina joto kidogo. Nikasema moyoni, hapa hakuna askari atakayepatazama.

Nilimbeba Kemilembe, nikamshusha humo. Hakulia. Alipapenda, kwa sababu palikuwa pembamba na kimya. Nikampa konzi ya buni apange. Halafu nikakusanya majani makavu ya migomba, nikamfunika juu, safu kwa safu, mpaka shimo likaonekana limejaa majani. Nikajisifu. Nikarudi nyumbani, nikanawa mikono kama mtu aliyetoka kulima.

Wageni walikuwa wamekwisha kuketi. Dresa alikuwa kijana wa Kihaya, mpole, na sanduku lake la dawa magotini. Askari alikaa karibu na mlango na bunduki yake. Mkuu wa kijiji alikuwepo pia. Mama mkwe wangu, Ma Kokushubira, aliwapa kikapu kidogo cha buni za kutafuna, kama desturi inavyotaka, nami nikapiga magoti, nikawasalimu, nikakaa chini kwenye majani yaliyotandikwa, mahali pa mkamwana.

Dresa akafungua daftari, akaniuliza, "Mama, wewe una watoto wangapi?"

Nikasema, "Sina. Mungu bado hajanijalia."

Hivyo hivyo, mwanangu. Neno lilitoka laini. Baba mkwe akakohoa, akatazama paa. Mama mkwe alikuwa anasuka mkeka, mikono yake ikasimama. Nyumba nzima ilikuwa na mjukuu mmoja, na nyumba nzima ikanyamaza. Dresa akaandika.

Mazungumzo yakageuka. Mkuu wa kijiji akamtania baba mkwe kwamba harusi ya Jumamosi imekaribia na bado hajaonja kitu. Baba mkwe akacheka, akasema, "Usiwe na wasiwasi. Kundi la pili la ndizi linaingia shimoni leo. Nimemwambia Ta Rugemalira akawashe moto, nadhani yuko huko sasa hivi."

Ta Rugemalira alikuwa mzee jirani yetu, masikio yake yamekufa zamani, macho nayo yanakaribia. Huyo akifika na kuona shimo limejaa majani makavu angejua nini? Angedhani majani ya kuchomwa yamekwisha kuwekwa. Kazi yake ingekuwa kuwasha tu. Na Kemilembe hakuwa mtoto wa kuita. Hata angeita, mzee asingesikia.

Ungedhani niliruka palepale. Mama gani asingeruka? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tunavyosema. Mwanangu, sikuruka. Kwanza, mkamwana hakatizi maneno ya baba mkwe, wala hanyanyuki mbele ya wageni bila kuruhusiwa. Pili, nimetoka kusema sina mtoto, sasa nitakimbilia nini? Askari yule pale na bunduki, na kisiwa kile. Watu watasemaje? Nilikaa, nikamtazama dresa anavyotafuna buni yake, mpaka akatema ganda, akachukua nyingine. Huo ndio muda niliomwacha mwanangu. Mpaka leo nikimwona mtu anatafuna buni nageuza uso.

Kisha harufu ya moshi ikaingia mlangoni.

Sijui niliinuka vipi. Nasikia nilimkanyaga askari. Nilipita kati ya migomba nikipiga yowe, na moshi ulikuwa tayari unapanda, mweupe, mzito. Ta Rugemalira amesimama kando, ananitabasamia, anadhani nimemletea maji ya kunywa. Upande mmoja wa shimo ulikuwa unawaka. Nikaingia upande wa pili. Nilipapasa majani, moshi umenijaa kooni, sioni, simpati, na kila nikishika nashika jani. Nikawaza, labda yule si wangu tena, nimemkana na Mungu amesikia. Halafu nikashika kidole cha mguu.

Nilimtoa. Alikuwa hai. Alikohoa, akatapika, mguu wake wa kushoto umeungua mpaka kifundoni. Na mkononi, mwanangu, alikuwa ameshikilia zile buni. Hakuziachia.

Ma Kokushubira alikuwa amenifuata mbio, mwanamke wa umri ule. Akamchukua mtoto kifuani kwangu. Nilidhani atanipiga. Laiti angenipiga. Alinitazama tu, akasema, "Umemzika mtu aliye hai. Nami niliyesikia ukimkana nikaendelea na mkeka wangu, nimekushikia jembe." Kisha akamfunga mgongoni kwa nguo yake, akarudi nyumbani kwa hatua za taratibu, mimi nyuma yake nalia, akaingia mpaka katikati ya wageni. Akamshusha mbele ya dresa, na masizi yake yote.

"Andika," akamwambia. "Huyu ni mjukuu wangu. Anaitwa Kemilembe. Hasemi, anaogopa ngoma, anapenda kupanga vitu. Ana miaka mitano. Andika kwamba kwao ni hapa."

Kijana wa watu alishika kalamu, hajui aanze na jina au aanze na mguu. Akaanza na mguu. Alimsafisha, akampaka dawa, na Kemilembe akapiga makelele ya kutoboa paa, na safari hii hakuna aliyemziba mdomo. Alipomaliza akaniuliza kwa nini. Nikamweleza habari za meli na kisiwa, kwa kwikwi. Alinishangaa.

"Mama, nani anachukua watoto?" akasema. "Mimi nimekuja kuchanja ndui. Ningeondoka hapa na dawa yangu, nimeandika nyumba haina mtoto. Ndui ingekuja, ingemkuta ndani, maana ndui haisomi daftari."

Mbona hujanywa chai? Kunywa, inapoa.

Siku zile nilitembea kichwa chini nikingojea kuchekwa. Wapo waliocheka, siwezi kukudanganya. Lakini kabla wiki haijaisha, akaja mwanamke mmoja kutoka ng'ambo ya bonde, akasimama uani kwetu na mtoto wa miaka minane mgongoni, miguu inaning'inia. Sikuwahi kujua ana mtoto huyo. Tulikuwa tunaabudu naye kanisa moja! Baadaye akaja mwingine na binti kiziwi. Kisha wa tatu. Walikuwa wamesikia kwamba kwa Ma Kokushubira mtoto wa namna hiyo ameandikwa na hajapelekwa popote. Niliogopa tena, mwanangu, lakini hofu ya aina nyingine: nilihesabu nyumba za kijiji kwa macho, nikajiuliza kuna mashimo mangapi.

Mkono mmoja haulei mwana. Tukaanza kukutana pale uani, mmoja anabaki na watoto, wengine tunakwenda kulima. Ma Kokushubira alituongoza kwa mkuu wa kijiji, kisha kwa mwalimu wa shule ya misheni, kuomba watoto wakae darasani. Mwalimu alikataa. Tukarudi, akakataa tena, akasema shule si zizi. Mara ya tatu tulikwenda na watoto wenyewe, tukakaa mlangoni kwake mpaka kengele ya jioni. Akapokea wawili. Kemilembe hakudumu, kelele za darasa zilimshinda baada ya majuma machache. Yule binti kiziwi alidumu, akajifunza kushona, na gauni nililovaa siku ya harusi ya baba yako alilishona yeye.

Usidhani basi mambo yakawa mazuri yote. Umewahi kujiuliza kwa nini napikia kule mbali nyuma, jua likiwaka, mvua ikinyesha, bibi kizee kama mimi? Kwa sababu nikikoka moto Kemilembe ananikimbia. Miaka yote hii. Akikoka jirani hajali, hupita tu. Ni moshi wangu mimi anaouogopa. Hasemi, lakini anajua ni nani aliyemweka mle.

Nakupa nasaha, mwanangu, na sitaipamba. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mtoto wako hata si maradhi, ni mtu. Mtaje. Nenda kwa mwenye nyumba wako kule mjini, pale Kashai, nenda kwa wapangaji wenzako, kwa mwenye duka la kona, waambie jina lake, waambie anaogopa nini na hutulizwa na nini, ili akitoka mbio barabarani penye bodaboda ajulikane ni wa nani. Ile karatasi ya daktari usiikunje chini ya godoro. Ipeleke shuleni, na wakikataa rudi, na wakikataa tena kaa mlangoni. Watafute wenzako. Wapo, nakuapia, pengine ukuta mmoja tu unawatenganisha. Na aibu ikikushika, usilifuate shauri lake, maana mimi niliifuata, ikanipeleka nyuma ya kibanja.

Sasa niambie wewe. Umefunga mlango, ufunguo ni mmoja, na umeuweka hapa kwenye mkeka wangu. Nyumba ile ikishika moto mchana huu, majirani watakimbilia kuokoa magodoro na redio zao. Kuna hata mmoja anayejua kwamba ndani ya chumba chako mna mtoto?

Usilie. Inuka. Chukua ufunguo wako, na mwite shangazi yako hapo nje, naye asibaki peke yake, nitakwenda nanyi mpaka barabarani kwenye gari, miguu hii itanifikisha. Mungu aliyenionyesha kidole kile katika moshi akutangulie njiani, umkute mwanao anapumua. Akupe mdomo wa kumtaja na majirani wa kumsikia. Na siku ukikoka moto wako, mwanangu, mtoto wako asogee karibu nawe aote.