Besi wa Safu ya Tatu

Nilisoma Kijerumani mihula miwili chuo kikuu, na tangu hapo sijakosa nafasi ya kulitaja jambo hilo. Ndiyo maana kwaya moja hapa Durban, ilipoamua kuimba ile simfonia maarufu inayomalizikia kwa shairi la Kijerumani kuhusu furaha na undugu wa binadamu, iliniomba niwafundishe matamshi. Kuimba siwezi. Hilo waliligundua siku ya kwanza.

Besi wao bora, yaani mwimbaji wa sauti nzito ya chini, alikuwa kinyozi Mkongo wa mtaa wa Point, aliyejifunzia muziki kanisani. Sehemu yake yote aliishika kichwani kabla wengine hawajafungua kurasa. Aliisubiri siku ya onyesho miezi minane. Wateja wake wote alikwisha kuwaalika, watake wasitake.

“Prof, hii maneno inasema nini?” aliniuliza.

“Kwamba furaha huwafanya watu wote kuwa ndugu.”

“Huyo Mujerumani alikaaka Durban?”

“Hapana.”

“Bon, sawa. Ndiyo maana.”

Wiki moja kabla ya onyesho, ukumbi ulitaka orodha ya waimbaji kwa ajili ya walinzi: jina, namba ya kitambulisho, tarehe kinapoisha. Kazi akapewa msomi, yaani mimi. Niliambiwa asiyekumbuka namba yake nimwachie wazi tu, hakuna atakayejali. Lakini mimi ni mtu wa tanbihi. Nafasi tupu huninyima usingizi. Nikampigia kinyozi. Akanisomea karatasi yake ya ukimbizi, iliyoisha Machi, na ambayo ameipangia foleni mara nne bila kupewa nyingine. Nikaandika yote, kisha pembeni, kwa herufi kubwa safi: IMEKWISHA.

Jumapili mchana, kwenye mlango wa waimbaji, kidole cha mlinzi kiliteremka orodha yangu na kusimama.

“Eish, baba. Huyu hapana. Imeandikwa hapa.”

Kiongozi wa kwaya alitazama saa. Akamshauri kinyozi akae na watazamaji, maana wao hawaulizwi karatasi. Kinyozi alicheka kidogo. Kisha akanitazama shingoni.

“Prof, tai yako iko wapi?”

Nilikuwa nimeisahau nyumbani. Akaivua yake ya kitenge, akanifunga mwenyewe, kwa vidole vya mtu aliyezoea shingo za watu. Alipomaliza fundo aliichungulia tena ile orodha mkononi mwa mlinzi.

“Unaandikaka muzuri,” akasema, akaondoka.

Ndani, pengo lake katika safu ya tatu lilionekana vibaya, kiongozi akanisimamisha hapo.

“Fungua mdomo tu,” akaninong’oneza. “Sauti usitoe.”

Nikaufungua. Mbele yangu kulikuwa na safu nzima ya wanaume walionyolewa vizuri, mke wa kinyozi katikati yao, wote wakinyoosha shingo kumtafuta mtu wao. Macho yao yalifika kwenye tai, yakapanda usoni kwangu, yakabaki hapo. Niliendelea hadi mwisho. Matamshi yangu, kwa kadiri yalivyoweza kuonekana, hayakuwa na kosa hata moja.