Samaki Wenye Majina ya Wakwe Zangu

Nitawasimulia, ila msicheke kabla sijamaliza, maana mkiwahi kucheka mtajuta. Aibu hii Rwamishenye nzima wanaijua, tena wanaijua vibaya, kwa hiyo afadhali muipate kwangu mimi mwenyewe niliyeilalia kitandani bila kujua.

Niliolewa na Muganyizi, na kwa miaka yote ile mtoto hakupatikana. Hospitali tulikwenda (mimi niliingia, yeye alinisindikiza hadi getini), na kwao Izimbya walikuwa wameshaanza kuulizana, kwa sauti ya kuhakikisha nasikia, kama mimi ni mke au mpangaji.

Basi siku moja mume wangu akarudi kutoka Mwanza na mfuko wa nailoni wenye maji, ndani yake samaki wawili wa mapambo, wale wanaoitwa beta, dume mwekundu mwenye mapezi marefu kama gauni la bibi harusi, na jike wa kahawia asiye na makuu. Akasema, "Hawa watakuchangamsha." Na kweli, jamani, walinichangamsha. Nikajifunza kwenye simu namna ya kuwazalisha. Dume hupuliza mapovu juu ya maji, hicho ndicho kiota chake, jike akishataga unamtoa haraka kabla hajararuliwa, halafu dume ndiye anayebaki kulea (ndiyo, dume), yai likidondoka analifuata chini, analiokota kwa mdomo na kulirudisha juu kwenye povu. Vitoto vya kwanza vilikufa vyote kwa baridi yetu ya Bukoba. Vya pili vilipona vichache, vikakua, na madume yakikua hayakai pamoja, yanauana, kwa hiyo nikayaweka kila moja kwenye chupa yake ya jamu.

Ndipo nikagundua dawa ya vitoto: majani makavu ya mgomba. Ukiyaloweka, maji yanakuwa rangi ya chai na ndani yake wanazaliwa vijidudu vidogo mno, na hao ndio chakula cha vitoto. Nilimwomba mama mkwe wangu, Ma Yustina, anifungie majani kidogo kutoka kibanjani kwake, shamba la migomba la nyumbani, akanipa bila kuuliza, na mimi sikumwambia ya nini. Ningeanzia wapi?

Sasa majina. Jioni moja Muganyizi alikaa akimwangalia dume mmoja aliyekuwa akivimbisha mashavu kila akiona kivuli chake kwenye kioo, akacheka, akasema, "Huyu ni shangazi Kokuteta mtupu!" Akachukua plasta na kalamu ya wino mzito, akaandika KOKUTETA, akabandika kwenye chupa. Halafu yule anayekukazia macho bila kula akawa YUSTINA, mama yake mzazi, na yule mnene mvivu akawa MUTALEMWA, mdogo wake. Tulicheka mpaka tukashikana mikono. Siku ile nilijiona nimeolewa.

Muda si mrefu Ma Yustina akapiga simu kwamba sala ya jumuiya ifanyike kwetu, waniombee tumbo, naye angekuja na shangazi. Alishamwambia mwanawe waziwazi kwamba sala hiyo ndiyo ya mwisho, baada ya hapo ukoo utamtafutia mwingine. Kwa hiyo mnaelewa, ile haikuwa sala tu, ilikuwa ndoa yangu imewekwa mezani.

Asubuhi ya siku hiyo nilisimama sebuleni nikitazama chupa zangu juu ya kabati na beseni la vitoto vipya, vingi ajabu, vimeanza tu kuogelea. Ningeweza kubandua zile plasta, kazi ya kufumba na kufumbua, nikawaacha samaki palepale wageni wawaone na kuwasifia. Lakini niliogopa neno moja tu: "Hana mtoto, analea samaki." Nikaamua kuwaficha wote uvunguni mwa kitanda. Nikawafunika kwa shuka jeusi, na kwa sababu ya baridi nikawawashia balbu ndogo kando ya beseni (naona mmeshaanza kuelewa, mimi siku ile sikuelewa). Nilijiamini kabisa, kwa sababu mama mkwe hakanyagi chumba cha mwanawe.

Mama mkwe hakanyagi. Shangazi ndiye aliyenitandikia kitanda siku ya harusi, mlango ule kwake haujawahi kufungwa, na mvua ikamnyeshea njiani akafika amelowa chapachapa, akapita moja kwa moja chumbani kubadili nguo wakati mimi nazungusha kikapu cha kahawa ya kutafuna na akina mama wanaimba. Tukasikia ukelele. Akatoka gauni likiwa limeingia mkono mmoja, mkononi ameshika chupa.

"Waitu, jamani, nisomeeni hapa. Macho yangu ni mabovu, nisomeeni."

Mwenyekiti wa jumuiya, Ta Deo, akavaa miwani yake. "Kokuteta," akasoma. Na yule samaki, laana yake, akavimbisha mashavu.

Vyote vikaletwa sebuleni, chupa, shuka jeusi, balbu, beseni. Ma Yustina aliposomewa jina lake hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliinama kwenye beseni akatoa jani moja lililolowa.

"Haya ni majani ya kibanja changu?"

"Ndiyo, mama."

"Kibanja alicholala mume wangu?"

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu, maana kweli mzee amezikwa mle kati ya migomba, kama wazee wote wa kwetu, na mimi wala sikuwa nimewaza hilo. Nikasema kwa haraka, "Mama, ni chakula cha vitoto tu."

"Vitoto vya nani?"

Akina mama walikuwa wakichungulia mle ndani, wanapiga ishara ya msalaba. Mmoja akasema nyuma yangu, taratibu, "Ndio wajukuu zake hao. Kawafungia humo."

Nikamgeukia Muganyizi. Mwandiko ulikuwa wake, ile K yenye mkia mrefu anayoiandika hata kwenye madaftari yake ya kazi. Nikamwambia, "Waeleze, baba." Akaangalia kalenda ukutani, akaiangalia weee, halafu akasema, "Mimi mambo ya chumbani kwake siyajui."

Chumbani kwake! Usiku uliopita kalala wapi?

Ta Deo akaamuru vimwagwe nje, kwa mkono wangu mwenyewe. Nikabeba beseni kwenye mvua, jumuiya nzima imejaa mlangoni, nikamwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Vitoto vilirukaruka kwenye tope kidogo, halafu sikuviona tena. Niliumia, na sitawaficha, niliumia kama mzazi, wacheke wanaocheka. Lakini chupa zile hakuna aliyethubutu kuzigusa. Shangazi Kokuteta alisema samaki akifa na yeye anakufa, akaniamuru niondoke nao nikiwatunza vizuri! Waliopona ni wale wenye majina. Wasio na jina wala kosa ndio waliomwagwa.

Siku hizi nimepanga chumba huku Muleba, nashona, na chupa zangu ziko dirishani upande wa barabara, plasta zake bado zipo, wapita njia wanasimama kuangalia. Nimeapa kwamba kitu changu chema sitakifunika tena shuka kwa kuogopa macho ya wageni. Kokuteta amepata jike na vitoto viko vingi, analea vizuri kuliko mwenye jina.

Juzi Muganyizi alinipigia simu. Kapatiwa mwingine, na huyo naye hajapata mtoto (nikalikumbuka lile geti la hospitali). Akazungukazunguka, mwisho akacheka kidogo, akauliza, "Hivi, na mimi umenipa samaki?"

Nikamwambia, "Nimejaribu. Lakini kila dume ninayemchagua, nikimwekea mayai anakaa palepale chini ya povu, halali, hali, kinachodondoka anakiokota. Sijapata anayekufaa."