Kompyuta Iliyoruhusiwa Daima

Nina ugonjwa wa usafi wa kompyuta. Laptop yangu inatumia Linux, na zana za kutengenezea programu za simu hujaza diski upesi: kila toleo jipya huja na mafolda yake, na la zamani halitoki lenyewe. Basi kila baada ya miezi michache naketi chumbani kwangu Bilele, mjini Bukoba, nafuta. Wenzangu kazini hunitania kwamba iko siku nitajifuta mwenyewe.

Programu niliyoipenda kuliko zote nilimtengenezea baba. Alikuwa na kibanja Kamachumu, kahawa na migomba, na macho yalishaanza kumsumbua akiandika. Nikamwekea kitufe kimoja kikubwa. Akikibonyeza anasema, simu inatunza sauti: mgomba upi umeegemezwa mti, kahawa ipi imeingiwa na wadudu. Nilipanga sauti zikae ndani ya simu tu, maana mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Nilijiona mjanja sana.

Siku nilipochomeka waya kati ya laptop na simu yake, kioo cha simu kikauliza kama kompyuta hii iruhusiwe. Nikamsomea. Akacheka.

"Mwanangu anapiga hodi kwenye simu ya baba yake?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa, Taata waitu. Kila nikija itakuuliza."

"Na siku nikiwa sipo?"

Nikamwonyesha kisanduku cha kuruhusu daima. Akakitia alama, akabonyeza neno la kukubali upande wa kulia kwa kidole gumba cheusi kwa utomvu wa ndizi. "Haya. Usiniulize tena."

Baba alifariki mwaka juzi. Katika pilikapilika za msiba simu yake ilianguka kwenye sakafu, kioo kikawa cheusi, hakionyeshi kitu wala hakihisi kidole. Sikuhangaika. Laptop yangu ilikuwa na ruhusa. Ningezitoa sauti zake kwa waya siku nikipata moyo.

Moyo ulichelewa, diski ikawahi kujaa. Katika kufuta nikapita na folda moja iliyofichwa, nikidhani ni masalia ya zana za zamani. Ndimo ulimokuwa ufunguo, faili dogo ambalo kwalo simu ya baba iliitambua laptop yangu. Nakala yake sikuwahi kuweka, mimi msafi.

Wiki chache baadaye nikachomeka waya, nikaandika amri ya kuorodhesha simu zilizounganishwa. Simu ya baba ikatokea, na pembeni yake maelezo kwamba haijairuhusu kompyuta hii. Mafundi wote niliowapelekea hapa Bukoba wabadilishe kioo wamenijibu jibu moja: vioo vya aina hiyo havipatikani tena.

Nina hamu na baba hadi naumwa. Nataka kumsikia akiitaja migomba yake kwa Kihaya, mmoja mmoja, huku akikohoa. Jumapili nikitoka kanisani huchomeka waya. Najua nyuma ya ule weusi swali limetokea tena, linamsubiri yeye. Naweka gumba langu upande wa kulia, pale alipoweka lake, nabonyeza kwa nguvu, kisha naandika amri upya na kusoma jibu.

Bado haijaniruhusu.