Bhajia za Viazi na Maneno ya Maharaj

Ilianza Alhamisi ya kwanza ya Desemba, saa kumi na dakika ishirini jioni, kwenye meza yetu ya jikoni hapa ughaibuni, mtaa wa Al Mansoura. Mama alikuwa amekaanga bhajia za viazi kabla ya zamu yake ya usiku hospitalini, kisha akaingia kuoga. Rafiki yangu wa mlango wa pili alikuwa na bhajia ya nne mdomoni kengele ilipolia.

Alikuwa nyanya yake. Sote tunamwita Ba. Alizaliwa Thika na kuishi huko hadi uzeeni, kwa hiyo kwenye ghorofa yetu ni yeye na sisi tu tunaozungumza Kiswahili. Mjukuu wake, ambaye mimi huongea naye Kiingereza, hajui hata kusema "njoo". Ba na watu wa kwao ni Wajaini, wafuasi wa dini ya Kihindi inayokataza kuua hata mdudu. Hawali nyama, wala mayai, wala viazi na vitunguu, kwa sababu ukikivuta kitu ardhini unaua vidudu vinavyoishi nacho. Na jua likizama hawali tena. Alikuja kumwita mtoto akale mapema.

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali masikio yanawaka. Kwa Ba sikuhitaji kuongea, nilihitaji kuandika tu. Tangu Ramadhani alikuwa akinisimulia maisha ya Maharaj, mtawa aliyekuwa mwalimu wake, nami nikiyaandika kwenye daftari, maana kwao hakuna aliyetaka kuyasikia. Maharaj aliondoka kwa babake akiwa na miaka kumi na sita. Hakupanda gari tena mpaka kufa. Alitembea miguu mitupu, na kifagio cha sufu mkononi cha kuwaondoa chungu njiani asije akawakanyaga. Ba alipokuwa msichana alikwenda India, akamfuata nyuma siku nne. Maharaj akamwambia: mkono ukipiga unaonekana, ulimi ukipiga hauonekani, kwa hiyo uchunge zaidi ulimi. Na tena: usihukumu jambo kabla hujalizunguka pande zote. Hayo niliyapigia mstari.

Ba akaiona sahani. Akachukua bhajia moja, akaivunja, akainusa.

"Hii kiazi."

Rafiki yangu akameza. Akasema kwa Kigujarati, kisha kwa Kiingereza ili nami nisikie: "Aliniambia ni ndizi mbichi."

Kwao ndizi mbichi ndizo hukaangwa badala ya viazi, kwa hiyo uongo ulikaa vizuri kabisa. Na miezi yote hiyo ni yeye aliyekuwa akija kugonga, "Mamako amekaanga?"

"Kweli, mtoto?" Ba akaniuliza.

Masikio yakawaka. Nikaitazama sahani.

"Mimi napa wewe maneno ya Maharaj," akasema polepole, "wewe napa mtoto yangu kiazi." Akalibeba daftari lililokuwa mezani, wakaenda.

Mama akatoka na taulo kichwani; alikuwa amesikia yote bafuni. "Na wewe ukanyamaza? Mdomo umetiwa gundi?"

"Ningemchoma rafiki yangu kwa nyanya yake."

"Rafiki! Huyo aliyekuuza kwa bhajia nne?"

Nilicheka kidogo, halafu nikalia. Ya rafiki iliniuma, lakini ya Ba ilinikata. Yeye ndiye aliyenifundisha kulizunguka jambo, na mimi aliniuliza mara moja tu. Pia niseme ukweli: sikunyamaza kwa wema. Niliogopa.

Ijumaa asubuhi nikaenda kugonga kwao. Alifungua rafiki yangu, akajaa mlangoni. "Ba anasali." Nyuma yake nilikiona kisigino cha Ba kwenye mkeka mweupe. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Ba, mjukuu wako alijua ni viazi. Anavila kwetu tangu Ramadhani. Kosa langu ni kukuficha. Lakini sikumdanganya, na wewe hukuniuliza mara ya pili."

Kisigino hakikusogea.

"Unamwambia nini?" rafiki yangu akanong'ona.

Nikarudi kwetu bila daftari langu, nikafunga mlango.