Senje Alipotaka Kunionyesha Dunia

Masanduku ya Senje yalikuwa na harufu yake. Yakifunguliwa pale sebuleni kwetu Free Area, mjini Nakuru, ilitoka harufu ya sabuni za hoteli, kahawa, chokoleti na sweta ambazo hazijawahi kukutana na moshi wa jiko la makaa. Mimi niliivuta hadi kifua kikajaa. Mama aliinusa kwa namna nyingine, kama mtu anayetaka kujua kama maziwa yameharibika. Senje ndivyo sisi Waluhya tunavyomwita dada ya baba, na huyu wangu, pamoja na mumewe Anko Simiyu, walikuwa na nyumba kubwa Kiamunyi, hawakujaliwa mtoto, na tangu wastaafu kazi yao ilikuwa kuzunguka dunia. Hawakupenda kusafiri peke yao. Kila safari walikwenda na marafiki, kisha wakamwongeza jamaa mmoja wa ukoo na kumlipia kila kitu. Kanisani walisifiwa kwa ukarimu huo. Mama alisema hajaona mtu wa kumbeba mwenzake bure mpaka ng'ambo bila kuwa na haja naye.

Tena alikuwa na ushahidi. Barasa, mtoto wa kaka yake Anko, walikuwa wamempeleka Kanada kutembea, likizo moja tu, na huko wakampatia marafiki wa kukaa nao, akaingizwa shule. "Walisema anaenda kutembea," Mama alizoea kusema huku akisonga ugali, "na mpaka leo bado anatembea." Baba alikuwa na dawa moja tu ya mazungumzo hayo, nayo ni kutoka nje kuangalia kuku.

Basi Senje aliposema kwamba likizo ya Agosti zamu ni yangu, na safari ni ya Dubai na Istanbul kule Uturuki, machale yalimcheza Mama papo hapo. Nilikuwa darasa la sita. Mama akaanza kuunganisha mambo. Senje alikuwa amenipima mguu kwa uzi, eti asije akaninunulia viatu vya kubana. Alikuwa amemuuliza mwalimu wangu nimekuwa nambari ngapi. Kule Kiamunyi kulikuwa na chumba kilichopakwa rangi ya manjano, na aliyeulizwa rangi gani ni mimi, si Mama. Cheti changu cha kuzaliwa kilipohitajika kwa ajili ya pasipoti, Mama alisema kimepotea, nami nilijua wazi kiko chini ya godoro, kimefungwa kwa nailoni. Lakini mimi sikumshuku Senje. Niliwashuku wazazi wangu. Kwetu si ajabu dada asiye na mtoto apewe mmoja wa kaka yake amlee, na nilijiambia mambo yameshaisha, ila mimi ndiye sijaambiwa. Baba akiniambia "kula, mama, ushibe," niliona ananiaga. Mama akifua nguo zangu kwa bidii kuliko kawaida, niliona anazitayarisha ziende. Nililala na hofu, na ndani ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukigusa.

Mwishowe Mama alikitoa cheti, pamoja na sharti lake. Nitaenda, ila naye ataenda. Alikuwa amejiandaa kwa vita, hata maneno alikuwa ameyapanga, na Senje akasema tu, bila kupepesa macho, "Vizuri sana, wifi. Tutaenda sote." Mama alirudi jikoni kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. "Amekubali haraka sana," akamwambia Baba. "Hapa kuna namna." Baba akaenda kuangalia kuku.

Tulisafiri sita: sisi wawili, Senje na Anko, na Mzee Koros na mkewe, walimu wastaafu ambao hawakuwahi kuachwa nyuma safari yoyote. Mama alilala na pasipoti zetu ndani ya blauzi. Msikitini, sokoni, kwenye feri, alinishika kifundo cha mkono kama tunavuka barabara pale steji ya matatu, mpaka mke wa Mzee Koros akamwambia, "Mama Nafula, huyu mtoto hawezi kuruka." Senje akininunulia koti, Mama alininunulia soksi. Nami, kusema kweli, nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa namna ile. Senje alinipa kamera yake nipige chochote nitakacho. Aliniuliza naonaje, jengo hili naonaje, chakula hiki naonaje, kisha akangoja nijibu. Nyumbani hakuna aliyekuwa na muda wa kungoja jibu la mtoto. Kila nikicheka niligeuka kuona kama Mama anatazama, na kila mara alikuwa anatazama.

Asubuhi ya mwisho tulikunywa chai kwenye paa la hoteli, Mama akisukuma zeituni pembeni ya sahani. Senje aliweka kikombe chini. "Mama Nafula, wacha niseme tu. Nipe Nafula nimlee. Si huku ng'ambo. Akae na sisi Kiamunyi, asome, wikendi anarudi kwako."

Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Nakuru, uso wa Mama ulitulia. "Nilijua," akasema. Kisha kwa upole ambao sikuutarajia, "Wifi, nakuhurumia kutoka moyoni. Lakini hapana."

Senje alilia bila kujificha. Anko Simiyu aliangalia bahari. Kisha Senje akajifuta na kusema, "Basi tumuulize mwenyewe." Akanigeukia na kungoja, kama kawaida yake. Nilifungua kinywa. Mama akaweka mkono juu ya paja langu na kukandamiza. "Mtoto haulizwi," akasema, akachukua yai na kuanza kunimenyea.

Senje hakuacha kutujia, na masanduku yaliendelea kufunguliwa, ila mimi sikualikwa tena. Siku hizi naishi Section 58 na nina binti wa umri ule ule. Watoto wa leo wanaulizwa kila kitu, shule gani, viatu gani, hata kanisa gani, nami nilijivunia kuwa mama wa namna hiyo. Senje na Anko wamezeeka lakini hawajatulia, na Agosti hii walipomwomba binti yangu waende naye Cape Town, nilikubali haraka, nikijiona mwerevu kuliko Mama. Juzi nilimpigia kwa video nikamuuliza kama amekumbuka nyumbani. Alimtazama Senje kwanza, akatabasamu, ndipo akaniambia, "Huku ni kuzuri, mami."

Miaka yote nimekisimulia kisa hiki kwa kicheko, jinsi Mama alivyomshuku wifi yake mpaka Uturuki. Sasa sicheki. Senje hakuwa amemficha mtu chochote, haja yake ilikuwa wazi usoni. Aliyekuwa akichungwa na Mama siku zote zile, aliyeshikwa mkono kila tulikopita, ni mimi. Na Mama hakukosea. Ningeachwa nijibu asubuhi ile, ningesema ndiyo.