Mwenye Kukadiria Umri wa Wastaafu

Mhasibu wa pensheni wa kampuni ya kuchimba bauksiti, madini ya alumini, huko Jamaika, hatulii kitini. Huketi, huinuka, huzungusha pete kidoleni kama anayefungua kizibo. Kila mwaka yeye ndiye anayekadiria wastaafu wataishi hadi lini, ili kampuni itenge fedha za kuwalipa. Leo meneja Vinton alimwinamia mezani.

"Dada, wafupishie maisha kidogo tu, tutenge kidogo. Mkataba wako nao unaisha Januari, usisahau."

Pete ikasimama. Uani, wastaafu waliokuja kuthibitisha kwamba wako hai walikuwa wakicheza domino. Mzee Eglon alibamiza kete yake ya mwisho. "Bado nipo! Nani alisema nimekwisha?"

Mhasibu akafungua dirisha la uani.

"Njoo, bosi. Mwambie mwenyewe afe lini."